Paka wa Welisi

Haya sogeeni, wajukuu zangu. Leo twende Welisi, nchi ya milima na kondoo iliyo magharibi mwa Uingereza. Kiingereza chao mnakijua, kimewatoa jasho shuleni. Lakini wana pia lugha yao wenyewe, Kiwelisi, na sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000. Msidhani ni Kiingereza kilichopindwapindwa. Ni lugha ya ukoo wa Kikelti, na mama yake alisemwa katika kisiwa cha nchi hizo mbili kabla Kiingereza hakijavuka bahari. Ndugu yake wa karibu ni Kibretoni cha Ufaransa.

Sasa mchukueni paka. Kwao ni cath: c isomeni kama k yetu, na th ni ileile ya thelathini. Paka wangu je? Fy nghath. Paka wako? Dy gath. Mmeona c ilivyotoweka? Neno lililotangulia ndilo linalogeuza kichwa cha linalofuata. Mtoto akikuta nghath kitabuni, asihangaike kuitafuta kwenye n ya kamusi. Arudi kwenye c. Ninyi halitawatisha hilo, kwani ndefu mnaitafuta kwenye r. Anayeshangaa ni Mwingereza, ambaye lugha yake huchezea zaidi mikia ya maneno.

Utamu wenyewe uko hapa. Ei maana yake ni "wake", mwenye paka awe wa kiume au wa kike. Ei gath, basi paka ni wa kaka. Ei chath, na ch hiyo itokee kooni kama kh ya kheri, basi paka ni wa dada. Kiingereza kimeweka maneno mawili kwa kazi hii. Kiwelisi kimeikabidhi sauti moja tu ya mwanzo, na mimi naona huo ni ufundi mkubwa. Sisi tukisema "paka wake", lazima mtu aulize: wa nani?

Kitenzi nacho hupenda kukaa mbele. Mwingereza huanza na mtendaji, lakini huku husemwa Gwelodd Siân gath, yaani "aliona Siân paka", Siân akiwa ndiye mtendaji. Na hakuna "ndiyo" moja inayojibu kila swali. Ukiulizwa Oes llaeth?, yaani kuna maziwa?, hujibu Oes: kuna. Ukiulizwa kama wewe umechoka, hapo oes haifai kabisa, utasema ydw.