Gojira: Dubwana Lililozaliwa na Bomu

Watu wengi hudhani kwamba filamu za madubwana ni mchezo wa watoto tu, mtu aliyevaa vazi la mpira akikanyaga nyumba za bandia. Dhana hiyo si uongo mtupu, maana ndivyo nyingi zilivyotengenezwa. Walakini iliyo mama wa nyingi kati ya hizo, yaani Gojira, iliyoonyeshwa Japani kuanzia Novemba 1954, ilitungwa na watu walioviona vita kwa macho yao.

Mwongozaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari. Aliitwa jeshini zaidi ya mara moja, akapelekwa China, na aliporudi kwao mwaka 1946 alipita Hiroshima na kuyaona magofu yaliyoachwa na bomu la atomiki. Kisha, tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Majivu yenye sumu yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani, ambao mashua yao ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa. Mmoja wao, fundi wa redio, alifariki Septemba mwaka huohuo. Basi wajapani walipoketi sinemani na kuona meli ikiteketea kwa mwanga mkali uliotoka baharini, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Ufundi wake nao una hadithi yake. Katika King Kong ya mwaka 1933, Wamarekani walitumia vinyago vidogo, wakivisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha moja moja. Eiji Tsuburaya, bingwa wa hila za kamera, aliipenda sana filamu hiyo, lakini hakuwa na muda wa kazi kama ile. Akamvisha vazi zito mchezaji Haruo Nakajima, ambaye alikuwa amekwenda bustani ya wanyama kuangalia jinsi wanyama wakubwa wanavyotembea. Kamera ilizungushwa kwa kasi kuliko kawaida, ili kwenye kitambaa cha sinema hatua zionekane za polepole na nzito. Na ule mngurumo? Ni uzi wa fidla kubwa uliosuguliwa kwa glavu ya ngozi yenye utomvu.

Wazee wetu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la Tokyo halimjui mtu. Katikati ya moto, mama amewakumbatia wanawe barabarani, akiwaambia kwamba punde watakuwa pamoja na baba yao. Watazamaji wa siku zile walikuwa wakiukumbuka usiku wa Machi 1945, ndege za Marekani zilipouchoma mji huo na watu wapatao 100,000 kupoteza maisha.

Msomaji aliye askari atavutiwa na jambo jingine. Mizinga, vifaru, ndege na uzio wa umeme vyote vyashindwa, lakini wanajeshi hawafanyiwi mzaha. Wanapigana, na wananchi wanahamishwa. Silaha pekee iwezayo kuliua dubwana imo mikononi mwa Daktari Serizawa, mtaalamu aliyegundua namna ya kuangamiza kila kiumbe majini. Anakataa kuitoa, akihofu kwamba watawala wataigeuza kuwa balaa jipya. Anapokubali mwishowe, anazichoma karatasi zake zote, anazama baharini, na anaukata mpira wake wa hewa ili siri ife naye. Mimi sijaona filamu nyingine ya aina hii iliyomwekea mtu mzigo mzito kama huo.

Nakala iliyotolewa Marekani mwaka 1956, iliyoongezewa mwandishi wa habari wa Kimarekani, ilipunguza sana maneno juu ya bomu. Baadaye, katika miaka ya 1960, Gojira akageuzwa kuwa rafiki wa watoto, akipigana mieleka na madubwana wenzake. Wazazi wenye watoto wadogo waanze na hizo. Ile ya 1954 iwangoje wakiisha kukua kidogo, na mzazi aketi nao.

Filamu ya Godzilla Minus One ya mwaka 2023, ambayo hila zake za picha zilipata tuzo ya Oscar mwaka 2024, imeirudisha hadithi mahali pake: Japani iliyoshindwa vita, na rubani aliyetumwa kufa pamoja na ndege yake, lakini akarudi nyumbani mzima na kukuta jirani yake akimuuliza kwa nini yu hai.