Gari ya umeme wakati wa baridi: joto linakula betri, Kongo inahusika

Bunia hakuna anayewasha joto ndani ya gari. Mji uko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na asubuhi ya mvua koti linatosha. Lakini kwa Wakongomani wanaoishi Canada au Norvege, mwenye gari ya umeme anajiuliza kila msimu wa theluji: nitafika?

Gari ya esanse inapasha joto karibu bure, kwa sababu injini yake inapoteza moto mwingi, na moto huo unapulizwa ndani. Mota ya umeme haipotezi vile. Joto linatoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu.

Mwaka 2019, shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima gari tano kwenye baridi ya digrii 7 hivi chini ya sifuri. Bila kuwasha joto, zilipoteza wastani wa asilimia 12 ya mwendo. Joto lilipowashwa: asilimia 41.

Bunia mpaka Komanda ni kilometa 75 hivi. Gari yenye uwezo wa kilometa 300 inaenda na kurudi mara mbili. Kwenye baridi ile inarudi mara moja tu. Safari ya pili inaishia njiani.

Na betri iliyopoa haipokei umeme haraka. Januari 2024, kule Chicago, gari nyingi za Tesla zilikwama kwenye vituo vya kuchaji. Ndiyo maana madereva wa huko wanapasha gari joto ikiwa bado imechomekwa nyumbani, na barabarani wanapasha kiti kuliko hewa yote.

Hapo ndipo Kongo inaingia. Betri za chuma na fosfati, zinazoitwa LFP, ni za bei ndogo na hazina kobalti, ila baridi inazisumbua zaidi. Zile za nikeli na kobalti zinavumilia vizuri kidogo. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Lualaba na Haut-Katanga.

Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei. Oktoba ikaruhusu tena, kwa kiasi kilichopimwa. Bei ikipanda, viwanda vinazidi kutafuta namna ya kuiponya LFP udhaifu wake wa baridi. Vikifaulu, kobalti itapoteza mnunuzi mmoja mkubwa.