Je, Wajua? Pumzi za Usiku Misuli Inapodhoofika

Je, wajua kwamba mtu mwenye mapafu mazima anaweza kushindwa kupumua usingizini? Mapafu hayajitanui yenyewe. Hutanuliwa na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli ya mbavu na shingo. Magonjwa ya kudhoofisha misuli kama Duchenne na ALS hudhoofisha misuli hiyo hiyo.

Je, wajua kuwa usingizi wa ndoto hulegeza karibu misuli yote? Kiwambo hubaki kikifanya kazi peke yake. Kikiwa dhaifu, pumzi huwa haba, hata kama mchana mgonjwa anaongea na kucheka kama kawaida.

Je, wajua kuwa madhara huonekana asubuhi? Hewa ukaa iliyorundikana usiku huleta maumivu ya kichwa mtu anapoamka, usingizi mchana kutwa na kukosa hamu ya kula. Naumia ninapofikiria mtoto mwenye Duchenne anayeitwa mvivu kwa sababu anasinzia darasani. Mtoto huyo hakulala vizuri. Aliamka mara kwa mara akitafuta pumzi.

Je, wajua kuwa mgonjwa akianza kuomba mto wa pili, kisha wa tatu, daktari aambiwe? Akilala chali, viungo vya tumboni hukisukuma kiwambo kuelekea kifuani.

Je, wajua kuwa oksijeni peke yake inaweza kumdhuru mgonjwa huyu? Kipimo cha kidoleni kitaonyesha namba nzuri huku hewa ukaa ikizidi kupanda. Anachohitaji ni msaada wa kuingiza na kutoa hewa: mashine ya BiPAP husukuma hewa kwa nguvu kupitia barakoa anapovuta pumzi, kisha hupunguza nguvu anapoitoa. Utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliochapishwa 2006, ulionyesha kuwa wagonjwa wa ALS ambao misuli ya koo ilikuwa bado na nguvu waliishi takriban siku 205 zaidi walipotumia msaada huo, tena wakiwa na maisha bora.

Je, wajua kuwa Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, ambayo nayo hudhoofisha misuli ya kupumua, daktari Bjørn Ibsen alianzisha kazi ya kuwapumulisha wagonjwa kwa mikono? Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana kubana mifuko ya hewa, usiku na mchana.

Je, wajua kuwa mwaka huo huo Paul Alexander wa Texas aliugua polio akiwa na miaka 6? Alijifunza kumeza hewa kwa ulimi na koo, akaweza kutoka mchana ndani ya mashine yake ya kupumulia, iitwayo pafu la chuma, hata akawa mwanasheria. Mbinu hiyo humtaka mtu awe macho, kwa hiyo usiku alirudi ndani ya mashine. Alifariki 2024.

Je, wajua kuwa barakoa ya BiPAP huzoeleka polepole? Ivaliwe kwanza mchana, muda mfupi, mgonjwa akisikiliza redio. Ikichubua pua, ibadilishwe aina; mdomo ukikauka, kuna kifaa cha kuongeza unyevu. Dawa za usingizi zisitumiwe bila daktari, kwani baadhi hupunguza msukumo wa kupumua.

Asiyeweza kuinua mikono hawezi kuivua barakoa mwenyewe, basi awe na kengele anayoweza kuibonyeza na mtu wa kuisikia. Na pale umeme unapokatika mara kwa mara, betri ya akiba ipatikane kabla mashine haijaanza kutumika nyumbani.