Wasio na kazi London: huhesabiwaje mtaa kwa mtaa?

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza, ONS, hutangaza asilimia ya watu wasio na ajira nchini, na kabla ya adhuhuri mawaziri na wapinzani wao huwa wamekwisha kuibishania.

Kwa mkazi wa Newham au Tower Hamlets, mashariki mwa London, asilimia hiyo ya taifa zima haisemi mengi. Anachotaka kujua ni hali ilivyo kwake. Akiitafuta, atakuta takwimu mbili au tatu za wilaya hiyo hiyo moja, hazilingani, na zote zina muhuri wa serikali.

Si kwamba kuna aliyedanganya. Kila takwimu inajibu swali lake. Lakini maswali hayo yanapochanganywa, na huchanganywa kila siku bungeni na magazetini, fedha za mafunzo ya kazi zinaweza kupelekwa kusikostahili, na watu wenye dhiki wakatoweka katika hesabu.

Nani hana kazi?

Maana inayotumiwa na nchi nyingi ilikubaliwa Geneva mwaka 1982, katika mkutano wa wanatakwimu ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani, ILO. Mtu hana ajira ikiwa hakufanya kazi ya kipato katika muda unaochunguzwa, anatafuta kazi, na yu tayari kuianza. Uingereza imefafanua zaidi: awe ameitafuta katika wiki nne zilizopita, na aweze kuianza katika muda wa wiki mbili.

Masharti yote matatu lazima yatimie. Aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika wiki inayochunguzwa ana ajira. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta, huyo si mwenye ajira wala si asiye na ajira. Husemwa yuko nje ya nguvukazi. Na kwa kuwa asilimia hupatikana kwa kugawa idadi ya wasio na ajira kwa jumla ya nguvukazi, yaani walio kazini pamoja na wanaotafuta, mtaa ambao watu wake wamechoka kutafuta unaweza kuonyesha kuwa ukosefu wa ajira unapungua.

Wanatakwimu huitetea kanuni ya saa moja kwa hoja kwamba kila jasho linalochangia pato la taifa lihesabiwe. Hoja ina mantiki, ila inakaa vizuri zaidi katika nchi ambayo watu wengi wana mwajiri. Kijana anayechuuza maji kwenye kituo cha mabasi jijini Dar es Salaam kwa saa mbili kila asubuhi, kisha akashinda kijiweni, kwa kanuni hiyo ana ajira.

Tanzania ililiona tatizo hilo mapema, ikajiwekea maana yake ya kitaifa. Maana hiyo inawaingiza pia walio tayari kufanya kazi ingawa hawakuitafuta, na wenye vibarua wasivyokuwa na uhakika navyo kesho. Katika utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2000/01, ukosefu wa ajira kwa maana ya kimataifa ulikuwa kama asilimia 5. Kwa maana ya kitaifa, karibu asilimia 13. Watu waliohojiwa ni wale wale.

Mfano wa Rwanda unashangaza zaidi. Mwaka 2013 mkutano mwingine wa wanatakwimu mjini Geneva uliamua kwamba kulima chakula cha kuliwa nyumbani ni kazi, lakini si ajira. Rwanda ilianza kuitumia maana hiyo mpya mwaka 2016, na ukosefu wa ajira uliokuwa ukitajwa kuwa chini ya asilimia 4 ukaonekana kuwa zaidi ya asilimia 13. Hakuna kiwanda kilichokuwa kimefungwa.

Kuna jambo jingine katika utafiti ule wa Tanzania, nalo ndilo linalotuleta kwenye takwimu za mahali. Kwa maana ya kitaifa, Dar es Salaam ilikuwa na ukosefu wa ajira wa zaidi ya asilimia 40. Vijijini, chini ya asilimia 10. Wastani wa asilimia 13 haukuwa kweli mjini wala shambani.

Daftari na dodoso

Jijini London hali ya kila wilaya hupimwa kwa njia mbili: daftari na dodoso.

Daftari ni orodha ya watu wanaolipwa fedha za serikali kwa sababu hawana kazi. Sifa yake ni kwamba halibahatishi. Huhesabu kila aliyeandikwa, kila mwezi, hadi kwenye kata ndogo kabisa. Kasoro yake ni kwamba linafuata sheria ya malipo, na sheria hubadilika. Tangu mwaka 1982 limekuwa likiwahesabu wanaodai malipo tu, badala ya wote waliojiandikisha kutafuta kazi. Katika miaka hiyo serikali ya Margaret Thatcher ilibadilisha kanuni tena na tena, na mengi ya mabadiliko hayo yaliipunguza idadi.

Malipo mapya ya Universal Credit, yaliyoanza mwaka 2013, yalivuta upande wa pili. Watu wengi zaidi, wakiwemo baadhi ya wenye kazi za ujira mdogo, walitakiwa waonyeshe kwamba wanatafuta kazi. Kwa kuwa mfumo huo ulienezwa eneo baada ya eneo, wilaya iliyotangulia kuupata ilionekana kuwa na wasio na kazi wengi kuliko jirani yake, hata kama hakuna aliyeachishwa kazi.

Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, idadi iliyo daftarini ilizidi maradufu kati ya Machi na Mei, ilhali asilimia iliyotokana na dodoso haikutikisika sana. Waliokaa nyumbani huku serikali ikichangia mishahara yao walihesabiwa kuwa na ajira, na wengi wa waliopoteza kazi hawakuona sababu ya kutafuta nyingine maduka na mikahawa ikiwa imefungwa.

Kwa Waafrika Mashariki wa London, kasoro kubwa ya daftari iko kwingine. Viza nyingi, zikiwemo za wake na waume waliowafuata wenzi wao, humzuia mwenye viza kudai fedha za ustawi wa jamii. Mwanamke wa namna hiyo akiachishwa kazi ya usafi au ya kulea wazee, akazunguka mwezi mzima kutafuta nyingine, huenda jina lake lisiingie daftarini. Dodoso linaweza kumpata, iwapo nyumba yake itachaguliwa.

Waombaji hifadhi mara nyingi hukosekana kotekote. Wengi wao hawaruhusiwi kufanya kazi. Wanaweza kuomba ruhusa baada ya kusubiri uamuzi kwa miezi 12. Waliowekwa hotelini na serikali hawafikiwi na dodoso, kwa sababu linakwenda kwenye kaya za kawaida. Wilaya inaweza kuwa na mamia ya watu wazima wenye nguvu waliokaa bure, na asilimia yake isitikisike.

Watu mia tano

Dodoso la nguvukazi la Uingereza lilianza mwaka 1973, na tangu 1992 hufanywa kila robo ya mwaka. Kwa nchi nzima linatosha. Kwa wilaya moja, walioulizwa huwa wachache mno.

Tuseme katika wilaya wamehojiwa watu 500 walio katika nguvukazi, na 30 kati yao hawana ajira. Hiyo ni asilimia 6. Lakini kwa kanuni za kawaida za takwimu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 4 na 8. Wangehojiwa watu 100 tu, ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 1 na 11. Diwani anayejigamba kwamba ukosefu wa ajira umeshuka kutoka asilimia 7 hadi 6 chini ya uongozi wake, huenda anasifia bahati nasibu.

ONS imejaribu kuliziba pengo hilo kwa namna mbili. Tangu mwaka 2004 huunganisha majibu ya miezi 12 na kuongeza idadi ya wanaohojiwa. Kisha hulioanisha dodoso na daftari: kwa kuwa idadi ya walio daftarini inajulikana kwa kila wilaya, na wilaya zenye wengi daftarini kwa kawaida huwa na wengi wasio na ajira, hesabu ya uhusiano huo husaidia kunyoosha makadirio ya dodoso. Ni njia ya busara. Lakini mahali ambapo wakazi wengi wamezuiwa kuingia daftarini, uhusiano wenyewe huwa dhaifu, na hapo ndipo wahamiaji walipo.

Mjini na mipakani

Mgawanyo nao una vituko vyake. Asilimia ya daftari inayochapishwa kwa wilaya za London hugawa walioandikwa kwa wakazi wote wenye umri wa miaka 16 hadi 64, wakiwemo wanafunzi na wagonjwa. Chukua wakazi 100 wa umri huo, 25 kati yao wakiwa nje ya nguvukazi. Watu sita wasio na kazi ni asilimia 6 ya wakazi, lakini ni asilimia 8 ya nguvukazi. Ukiona wilaya moja ina takwimu mbili, angalia kwanza hapo.

Halafu kuna wanaolala hapa na kufanya kazi kule. Kitovu cha kale cha London kiitwacho City kilikuwa na wakazi wapatao 8,600 katika sensa ya mwaka 2021, na wafanyakazi zaidi ya 600,000 huingia humo. Tower Hamlets ina minara ya mabenki ya Canary Wharf, na ina ajira nyingi kuliko wakazi wake wa umri wa kufanya kazi. Hata hivyo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wilaya zenye wakazi wengi wasio na kazi. Kazi zipo mlangoni, ila hushikwa na wanaoshuka kwenye treni.

Kwa sababu hiyo wanatakwimu huchora pia ramani nyingine, ya maeneo ambamo watu wengi huishi na kufanya kazi humo humo. Kwa sensa ya mwaka 2011 yalipatikana maeneo 228 Uingereza nzima. London yenyewe ilikatika: upande wa uwanja wa ndege wa Heathrow uliwekwa pamoja na mji wa Slough. Ramani hiyo inafaa kujua soko la kazi linafika wapi. Haifai kujua dhiki iko wapi, kwa kuwa huichanganya Newham na vitongoji vya matajiri.

Shida kubwa ya sasa, hata hivyo, ni kwamba watu wameacha kujibu. Katika mwaka 2013 karibu nusu ya kaya zilizochaguliwa zilikubali kuhojiwa; mwaka 2023 ilikuwa chini ya moja kwa tano, na Oktoba mwaka huo ONS ililazimika kusitisha takwimu zilizotokana na dodoso, hadi Februari 2024. Zilizorudi zilirudi na onyo.

Kujibu si lazima. Barua ya ONS ikiangukia mlangoni, katika nyumba nyingi za wahamiaji hutupwa pamoja na matangazo ya piza, au hufichwa kwa hofu kwamba imetoka Idara ya Uhamiaji. Sheria ya mwaka 2007 inafanya kuwa kosa la jinai kwa mtumishi wa ofisi hiyo kutoa habari zinazomtambulisha mtu, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Asiyejibu hukadiriwa kwa majibu ya wengine wa umri, jinsia na eneo lake waliokubali kuhojiwa, ambao huenda wana kazi.