Mzazi, msaidie mtoto kuona mpangilio wa nambari

Watoto wengi wa PP2 huhesabu kuanzia moja hadi hamsini bila kusita. Lakini ukimwuliza mtoto huyo nambari inayofuata 29, huenda akajibu "ishirini na kumi". Si kwamba hana akili. Amekariri nambari kama wimbo, na bado hajaona mpangilio wake.

Kila baada ya kumi, 1 hadi 9 hurudi tena. Kiswahili hulionyesha hili wazi: "kumi na moja" ni kumi na moja zaidi. Ugumu huja kwenye ishirini, thelathini na arubaini, kwani majina haya hayatokani na mbili, tatu na nne. Hapo mtoto anahitaji kuona kwa macho.

Chukua maharagwe na uyapange mafungu ya kumi kumi. Mafungu mawili na maharagwe tisa ni 29. Ongeza moja: fungu la tatu limekamilika, nayo ni 30.

Unapopima mahindi, iwe ni Kitale au katika soko la Chwele kwa jirani zetu wa Bungoma, mhusishe mtoto. Gorogoro moja hubeba takriban kilo 2, kwa hivyo ahesabu 2, 4, 6, 8. Kisha muulize, "Gorogoro ya tano itatufikisha kilo ngapi?" Sarafu za shilingi 5 nazo hufundisha 5, 10, 15, 20. Mtoto anayeuona mpangilio huu tayari ameanza kuzidisha.

Mambo matatu ya kuzingatia:

1. Tumia dakika chache kila siku, kwa lugha mnayozungumza nyumbani.
2. Akijibu, muulize, "Umejuaje?" Akikosea, rudini kwenye maharagwe, usimkemee.
3. Mwache atunge mpangilio wake, nawe utafute nambari inayofuata.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti, nazo shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mtoto, hata hivyo, ni yule yule: pengo la PP2 humfuata hadi Gredi ya 1. Mwone mwalimu wake muhula huu, umwulize mtoto amefika wapi katika kuhesabu, na muendelee kutoka hapo nyumbani.