Bahari ipi kwa mwanafunzi wa Mulungwishi: Bahia, Unguja au Muanda?

Ukichora mstari ulionyooka kutoka Mulungwishi hadi Bagamoyo, unapata zaidi kidogo ya kilomita 1,400. Ukichora mwingine kwenda Lobito, Angola, unapata karibu zile zile. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Methodisti, pale njiani kati ya Likasi na Fungurume, wanaishi katikati kabisa ya bahari mbili, na wapo wengi ambao hawajaona hata moja. Ndiyo maana habari ya safari fupi ya masomo Brazili, wiki mbili za ngoma, capoeira, fukwe na misitu ya pwani, inawasha moyo haraka. Kabla familia haijauza ng'ombe au kukopa, tupige hesabu.

Hesabu hii ni makadirio yangu kwa mtu mmoja, siku 14, akilala pa kawaida na kula anachokula mwenyeji. Tuanze na Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia. Tiketi ya ndege kutoka Lubumbashi hadi São Paulo, kwenda na kurudi, weka dola 1,500 na usishangae zikizidi. Salvador bado ni mbali na São Paulo, kwa hiyo ongeza 200 za ndege ya ndani. Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege kwa safari ya nje, weka 50. Visa na karatasi zake, weka 150. Malazi na chakula, 40 kwa siku, ni 560. Jumla ni 2,460, na hapo hujalipa pasipoti wala ada ya kozi yenyewe. Tena ubalozi wa Brazili uko Kinshasa, si Lubumbashi. Ukilazimika kwenda mwenyewe, weka nyingine 400 za ndege. Waandaaji wengi hutangaza ada bila tiketi ndani yake, na mzazi anagundua baada ya kutoa malipo ya awali ambayo hayarudi. Waulize kwa maandishi: ada hii inalipa nini, na nikinyimwa visa narudishiwa kiasi gani?

Sisemi kwamba huko hakuna cha kujifunza. Salvador ilianzishwa mwaka 1549 na ilikuwa makao makuu ya Brazili hadi 1763. Mtaa wake wa zamani, Pelourinho, umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1985. Waafrika zaidi ya milioni nne walishushwa katika bandari za Brazili, na wengi walitoka upande wetu huu, Kongo na Angola. Mkatanga akisimama mbele ya mwanamke wa Bahia anayeuza acarajé atatambua vitu bila kuelezwa: kunde zilizomenywa na kusagwa, zinachotwa kwa kijiko na kuangushwa ndani ya sufuria ya mawese yanayochemka, kisha donge linapasuliwa na kujazwa kamba wakavu na pilipili. Berimbau inayoongoza mchezo wa capoeira ni upinde wa kupigwa wenye kibuyu, ndugu ya pinde za muziki za Angola. Upande wa viumbe, mradi wa Tamar unalinda kasa pale Praia do Forte tangu miaka ya 1980, na nyangumi hufika pwani hiyo kuanzia Julai.

Lakini wiki mbili bila Kireno ni wiki mbili za kutafsiriwa. Mwalimu wa capoeira atakuonyesha miguu; historia aliyoirithi kwa mwalimu wake itakupita. Kwa zaidi ya dola 2,500, hapo ndipo nasita.

Sasa Unguja. Basi la Lubumbashi hadi Dar es Salaam, kupitia Kasumbalesa na Tunduma, ni karibu kilomita 2,000 za barabara, siku kadhaa za kukaa, na foleni ya malori mpakani ambayo haina huruma. Weka 250 kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha njiani. Boti ya kuvuka, 70. Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024, dola 44. Anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aulize kama ana punguzo kabla ya kulipa. Malazi na chakula 25 kwa siku, 350. Matembezi, 100. Jumla 814. Raia wa Kongo haombi visa ya Tanzania tangu 2023, mwaka mmoja baada ya nchi yetu kuingia Jumuiya. Masharti ya kupita Zambia, kayaulize ofisi ya uhamiaji, DGM, kabla ya kukata tiketi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba pesa hiyo inanunua mazungumzo. Pale Paje wanawake wanaolima mwani watakueleza wenyewe, kwa Kiswahili, kwa nini aina yenye bei nzuri inakufa maji yakizidi joto. Msitu wa Jozani una mikoko na kima punju wasiopatikana nje ya Zanzibar. Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hiyo nayo ni historia ya Katanga: misafara ya mfalme Msiri kutoka Bunkeya ilipeleka pembe, shaba na watu pwani hii, na mingine ikaelekea Benguela upande wa magharibi. Ukienda Julai utakuta sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Ubaya wake ni kwamba Julai na Agosti watalii ni wengi, na vyumba vya ufukweni hupanda bei. Lala mjini au kijijini.

Ipo pia bahari yetu wenyewe, ambayo tunaisahau. Muanda ina fukwe, mdomo wa mto Kongo, na hifadhi ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye nguva wa mtoni na kasa. Hakuna pasipoti wala visa. Ila ndege ya Lubumbashi hadi Kinshasa inakula 400, Go-Pass za ndani 20, barabara ya Matadi na Boma 100, malazi na chakula 420, mtumbwi na mwongozaji 60. Elfu moja kamili. Inauma kwamba Mkongo hulipa zaidi kuiona bahari ya nchi yake kuliko ya jirani, lakini ndivyo ilivyo. Ukitia bei ya pasipoti, Unguja inapanda, na tofauti inakuwa ndogo. Kasa hutaga kuanzia Septemba hivi, kwa hiyo anayekwenda likizo ya Julai asiahidiwe kasa.

Kwa likizo ijayo, mimi ningechagua Unguja. Anayesoma biolojia, au anayefuata mizizi ya Wakongo waliopelekwa Brazili, achague Muanda.

Na anayeitamani Brazili kwa dhati asiikimbilie kwa wiki mbili. Serikali ya Brazili ina mpango wa PEC-G, wa tangu 1965, unaopokea wanafunzi wa nchi kama yetu kusoma shahada ya kwanza vyuoni humo bila ada. Maombi hupitia ubalozi, Kireno hupimwa kwa mtihani wa Celpe-Bras, na familia lazima ithibitishe kwamba itamudu maisha ya huko kila mwezi. Dola 1,600 na ushei zinazobaki kati ya Bahia na Unguja zinaweza kulipa mwalimu wa Kireno, na Waangola wanaokijua tangu utoto si wachache katika miji yetu.