KOMPYUTA AU PS? JUA TOFAUTI KABLA HUJATOA MTAJI WAKO



Kila likizo ya shule ikikaribia napata swali lile lile: "Nina kama milioni moja, nataka kufungua chumba cha gemu mtaani. Ninunue kompyuta au PS?" Mimi nina fremu yenye vyote viwili. Upande mmoja ni steshenari, upande wa pili vijana wanacheza mpira kwenye PS. Kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu. Soma hadi mwisho, maana hela ikishatoka mfukoni hairudi kwa kujuta.

Nianze na jambo linalowachanganya wengi. Ukiifungua PS4 hukuti maajabu ndani. Utakuta prosesa, RAM ya GB 8, sehemu ya kuchora picha, diski ya kuhifadhia, feni na pawa saplai. Ni vitu vile vile vilivyo ndani ya kompyuta. Hata prosesa yake inatoka AMD, kampuni ile ile inayotengeneza prosesa za kompyuta. Na mwaka 2010 jeshi la anga la Marekani liliunganisha PS3 1,760, likapata kompyuta moja kubwa ya kazi za utafiti. Yaani PS ni kompyuta kamili, usidanganywe na umbo.

Sasa kama ndani zinafanana, tofauti iko wapi? Iko kwenye mambo saba yafuatayo, na yote yanagusa mfuko wako.

1. NANI MWENYE AMRI

Kompyuta mwenye amri ni wewe. Unaweka programu unayotaka: ya kuandikia barua, ya kupiga mahesabu, ya kuhariri picha, ya muziki, na gemu pia. Leo inachapa CV, kesho inajaza fomu za mkopo wa chuo, keshokutwa inaweka nyimbo kwenye flashi.

Konsoli (hilo ndilo jina la jumla la PS, Xbox na ndugu zao) mwenye amri ni kampuni iliyoitengeneza. PS ni ya Sony, Xbox ni ya Microsoft. Itacheza gemu zilizoruhusiwa, itaonyesha filamu na YouTube, basi. Mteja akija na barua ya kuchapa, PS haitakusaidia kitu.

Lakini usione hilo ni ubaya mtupu. Mashine ya kazi moja haisumbui. Dogo anabonyeza pedi, gemu linafunguka. Hakuna virusi vilivyoletwa na flashi ya mteja, hakuna mtu wa kukuwekea programu za ajabu, na huhitaji kujua kompyuta ili uisimamie. Hata mama yako anaweza kukushikia ofisi ukienda msibani.

2. WATU WANGAPI WANALIPA KWENYE MASHINE MOJA

Hapa ndipo biashara ilipo. Konsoli ilibuniwa ikae sebuleni mbele ya TV, watu wakae pamoja wacheze. PS4 moja inapokea hadi pedi 4. Gemu la mpira wanacheza wawili, nyuma yao wanne wanashangilia na kusubiri zamu. Mashine moja, wateja wawili kwa mpigo, na foleni.

Kompyuta ilibuniwa kwa mtu mmoja aliyekaa mezani na kibodi na mausi yake. Ni kweli kompyuta nayo unaweza kuichomeka pedi mbili na TV ikachezesha wawili, lakini gemu nyingi zilizo maarufu kwenye kompyuta ni za mtu mmoja kwa mashine moja. Ukitaka vijana 4 wacheze pamoja, unahitaji kompyuta 4, meza 4, viti 4 na intaneti ya uhakika.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mechi moja ni shilingi 500, na ukihesabu na muda wa kuchagua timu inachukua dakika 12. Hizo ni mechi 5 kwa saa, yaani shilingi 2,500. Ukipata saa 4 tu zilizojaa kwa siku, una shilingi 10,000 kwa mashine moja. Weka bei ya mtaani kwako uone inakupa ngapi.

3. GEMU ZINAKAA WAPI

Gemu la PS4 la diski ni mali unayoshika mkononi. Unalinunua limetumika, ukilichoka unaliuza au unabadilishana na mwenzako. Kwa mfanyabiashara mdogo hiyo ni faida kubwa.

Gemu za kompyuta siku hizi zinanunuliwa mtandaoni na kufungwa kwenye akaunti. Huwezi kuliuza moja ukilichoka. Na zinapakuliwa, nyingine zinakula GB nyingi kuliko kifurushi chako cha mwezi.

Angalia mambo mawili hapa. La kwanza, diski haziingiliani hovyo. PS4 haisomi diski za PS2 wala PS3. PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, ila PS4 haichezi za PS5. La pili, kuna PS5 za toleo la dijitali zisizo na sehemu ya diski. Zinauzwa bei nafuu kidogo, watu wanazikimbilia, halafu wanagundua kila gemu lazima linunuliwe mtandaoni kwa bei ya kampuni. Kabla ya kulipa, tazama kama tundu la diski lipo.

Na intaneti: PS nyingi ya gemu za kucheza na watu wa mbali zinataka ulipie huduma ya Sony inayoitwa PlayStation Plus. Kwenye kompyuta, kucheza mtandaoni mara nyingi hakuna ada hiyo. Ila kama wateja wako wanacheza wao kwa wao ndani ya chumba, hiyo ada huihitaji kabisa.

4. NGUVU YA PICHA (HAPA WENGI WANAPIGWA)

Konsoli ya aina moja zote zina nguvu ile ile. Diski ikiandikwa PS4, itacheza kwenye PS4, huna cha kuuliza. Kompyuta sivyo. Mbili zinaweza kufanana kwa nje, moja ikacheza gemu jipya vizuri na nyingine ikaganda kwenye picha ya kwanza. Tofauti ni kadi ya grafiki.

Kuna kijana mtaa wa pili alichukua mkopo wa kikoba kupitia kwa dada yake, akanunua kompyuta mbili zilizotumika maofisini huko nje. Muuzaji alimwambia zina RAM kubwa, zinacheza gemu zote. RAM kweli ilikuwepo, ila kadi ya grafiki ya gemu haikuwepo. Mpira ukawa unakatakata kama redio yenye betri imeisha, wateja wakamcheka wakaondoka. Marejesho ya kikoba ni kila Jumamosi, na jina lililoandikwa kwenye daftari ni la dada yake.

Kilichomwokoa ni hiyo tofauti namba moja. Kompyuta haikufaa kwa gemu lakini bado ilikuwa kompyuta. Aliuza moja, akanunua printa, akaanza kuchapa barua, kudurufu vitambulisho na kujazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Dada mtu marejesho yake yanaenda. Angekuwa amenunua PS mbovu, asingekuwa na pa kukimbilia.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kompyuta "ya gemu", usisikilize maneno. Mwambie awashe gemu lenyewe unalotaka kuchezesha, kaa ucheze nusu saa mbele yake.

Ukijiuliza kwa nini konsoli yenye nguvu ya gemu huwa nafuu kuliko kompyuta ya nguvu hiyo, jibu ni biashara. Kampuni hukubali faida ndogo kwenye mashine, hata hasara mwanzoni, ikijua itarudisha kwenye gemu na ada. Sony walifanya hivyo na PS3 ilipotoka 2006. Ni kama muuza chai anayeweka bei ya chini kwenye chai ili ule vitumbua vyake.

5. UMEME

Angalia nyuma ya mashine au kwenye adapta kama wati zimeandikwa, ingawa hicho ni kiwango cha juu. Kwa makadirio, PS4 Slim ikicheza inakula kama wati 80 hadi 100. Ongeza TV ya inchi 32, kama wati 50. Jumla wati 150. Saa 10 ni unit 1.5. Tukihesabu unit kwa shilingi 350, hiyo ni shilingi 525 kwa siku.

PS5 inaweza kufika wati 200, na TV ni 250, saa 10 ni unit 2.5, yaani shilingi 875. Kompyuta ya kuchapia barua na skrini yake ni kama wati 100, shilingi 350 kwa siku. Kompyuta ya gemu yenye kadi kubwa ya grafiki inaweza kula wati 400, hiyo ni unit 4, shilingi 1,400. Kwa mwezi LUKU itakuonyesha tofauti bila kuambiwa na mtu.

6. UFUNDI

Kompyuta ya mezani ikiharibika, unabadilisha kifaa kimoja kimoja. RAM imekufa, unanunua RAM. Diski imejaa, unaongeza. Mafundi wako kila kona na spea zinaingiliana.

Konsoli kila kitu kimebandikwa kwenye ubao mmoja. Kwenye PS4 unaweza kubadilisha diski ya kuhifadhia, lakini RAM na prosesa hazitoki. Hata kisomeo cha diski kimefungwa na ubao wake: ukiletewa cha PS4 nyingine pamoja na bodi yake ndogo, hakitasoma gemu. Fundi anayejua huhamisha ile bodi yako ya awali. Asiyejua anakuharibia kabisa.

Maadui wa PS mtaani kwetu ni vumbi, joto na umeme unaokatika. Safisha feni mapema, usiifunge kwenye kabati, na usiiwashe bila stebilaiza au UPS. Umeme ukikatika gemu likiwa linaendelea, diski ya ndani inaweza kuharibika. Na kila wiki tenga hela ya pedi, maana ndizo zinazochakaa kwanza.

7. UMRI WA MASHINE

PS2 ilitoka 2000, na gemu la mwisho la FIFA kwake lilikuwa FIFA 14, la mwaka 2013. PS3 ilitoka 2006, ikaishia FIFA 19, la mwaka 2018. Umeona mfumo? Konsoli inapata gemu mpya miaka 12 au 13, halafu mlango unafungwa. PS4 ilitoka 2013, jaza mwenyewe. Bado inaingiza hela, wateja wengi wanataka mpira na majina ya wachezaji wanaowajua, lakini nunua kwa bei ya mashine iliyokula umri, sio bei ya mpya.

Kompyuta haina mlango wa namna hiyo. Inazeeka polepole, na kazi za ofisi haziikimbii haraka.

SASA UNUNUE IPI?

Kama eneo lako lina vijana wengi, shule au vyuo karibu, na hakuna chumba cha gemu kizuri, anza na PS moja iliyotumika, TV moja, pedi mbili nzima na diski moja ya mpira. Usinunue mbili kwa mpigo. Foleni ikizidi, faida ndiyo inunue ya pili.

Kama uko karibu na ofisi ya kata, hospitali, mahakama au stendi, chukua kompyuta ya kawaida na printa. Usilipie nguvu ya gemu ambayo barua haihitaji.

Kama eneo linaruhusu vyote, anza na kile chenye wateja wa asubuhi hadi jioni. Gemu huingiza hela jioni na wikiendi, na muda wa masomo usichezeshe watoto wa shule, mwenyekiti wa mtaa atakufungia na atakuwa na haki. Kompyuta huingiza hela mchana. Ndiyo maana kwangu vinasaidiana.

UKINUNUA PS ILIYOTUMIKA, FANYA HIVI:

- Icheze dakika 30, sikiliza feni kama inanguruma na ushike kama inachemka kupita kiasi.
- Ingiza diski na uitoe mara tatu.
- Tikisa kidogo waya wa HDMI, picha isipotee.
- Iunganishe na intaneti uone inaingia, maana Sony anaweza kuifungia mashine isitumie mtandao wake.
- Achia vijiti vya pedi, mchezaji asitembee mwenyewe.
- Dai risiti yenye namba ya mashine, usije ukanunua ya wizi.

Muuzaji akikataa hata moja kati ya hayo, funga pochi yako uondoke. Mashine zipo nyingi, mtaji wako ni mmoja.

Ukiwa na swali, andika eneo ulilopo na kiasi ulichonacho, nitakujibu. Na kama kuna ndugu yako ana hela ya kikoba mkononi na anataka kufungua gemu wiki hii, mtumie asome kwanza.